Boila Iliyoacha Kunguruma

Hadithi za kutumiana huwa zinaanza na mfalme. Hii haina mfalme. Ina boila, mzee mmoja mwenye kofia na mtoto mchanga. Naomba uisome mpaka chini usiruke, maana sina nguvu ya kuiandika mara ya pili.

Huku kwetu juu, Rungwe, baridi ya mwezi wa saba haina mchezo. Asubuhi ukungu unashuka mpaka migomba ya jirani huioni. Mtoto mchanga huwezi kumwogesha kwa maji ya vuguvugu, unamtafutia kichomi. Ndiyo maana nyumba ya wakwe zangu ina boila ya kuni. Ni tangi la chuma lililojengewa matofali nyuma ya ukuta wa bafu, na chini yake kuna tanuri. Unajaza maji, unafunga koki ya maji baridi ili ya moto yasirudi yalikotoka, unawasha kuni. Yakichemka unafungulia bomba bafuni kama uko hotelini.

Juu ya tangi kuna bomba jembamba. Linatoboa bati, halafu linajikunja kama kichwa cha mkongojo. Hilo ni la kupumulia. Maji yakichemka, mvuke unatokea pale.

Likumbuke hilo bomba.

Kingine cha kukumbuka ni mila. Kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nyumba nyingi wameshaacha, lakini ya kwetu bado. Akija upande huu, mimi naenda upande ule. Nikisikia kikohozi chake najificha hata kama nimeshika sufuria ya uji unaotokota. Simsemeshi, simtazami, na jina lake silitaji. Hata hapa sitalitaja, nitamwita Babu, kwa kuwa ni babu wa Lusubilo wangu. Si chuki jamani, ni heshima. Naye ananikwepa vilevile. Akiniona kwa mbali anashusha kofia usoni, anageuka kama mtu aliyesahau jembe shambani.

Sasa mbele ya tanuri la boila ndipo mahali pa Babu. Kila asubuhi yuko pale, anachochea kuni na kuota moto. Kwa hiyo mimi upande ule sifiki. Nitajuaje maji yamechemka? Natazama bati. Nikiona mvuke mweupe juu ya lile bomba, namvua mtoto nguo naingia naye bafuni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijitafutia mwenyewe, na sikumwambia mtu, maana hakuna aliyeniuliza.

Basi, siku moja boila ikaanza kunguruma.

Ilianza kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ikaja ikawa kama lori linalopanda mlima na mzigo wa viazi. Halafu ikaanza kuvuja kwenye mshono wa tangi, maji yanadondokea motoni, shwaa, kuni zinazimika, moshi unapenya mpaka bafuni, mtoto anakohoa, mimi sabuni imeniingia machoni. Nikawa namwogesha haraka haraka kama naiba.

Nikamwambia mume wangu Gwamaka, "Baba Lusubilo, kile kitu kitapasuka."

"Hakipasuki. Kimezeeka tu. Tununue kipya."

Gwamaka anauza viazi, akienda Mbeya anaona mambo. Alikuwa ameona boila dukani, nyeupe, inang'aa, chuma chake kinene, ukikigonga kinalia kama kengele ya kanisa. Tangu siku hiyo hakulala bila kuitaja.

Babu hakutaka kusikia. Ikabidi tukae kikao.

Babu na Gwamaka wakakaa sebuleni. Mimi nikakaa jikoni nyuma ya pazia, mtoto kifuani. Mama mkwe akasimama mlangoni, katikati, kama posta.

"Mwambie mama Lusubilo," Babu akasema, "ile boila ni chuma cha zamani. Cha zamani hakifi. Ni cha kuchomelea tu."

Mama mkwe akageuza shingo. "Anasema ni cha kuchomelea tu."

"Nimesikia, mama."

Akageuka kule. "Anasema amesikia."

"Nami nimesikia kwamba amesikia."

Gwamaka akacheka. Akaambiwa anyamaze, hiki ni kikao.

"Mama," nikasema, "mwambie Babu naogopa. Mtoto anaogeshwa mgongoni mwa kile kitu."

"Anaogopa."

"Mwambie," Babu akajibu, "hata wewe uliogopa redio nilipoileta hapa mara ya kwanza. Ulisema kuna mtu ndani."

"Hilo silipeleki!" mama mkwe akang'aka. "Na kulikuwa na mtu ndani, alikuwa anaongea!"

Hapo tulicheka wote, mimi na pazia langu. Lakini nilikuwa na swali limenikaa kooni, nikalitoa kabla halijanipotea. "Mama, niulizie. Kwa nini imeanza sasa? Miaka yote hiyo haikunguruma. Kuna kilichobadilika?"

Mama mkwe akaniangalia. Akaingia jikoni, akainama, akaninong'oneza.

"Mwanangu, mkwe haulizwi. Ukiwa na salamu nitapeleka, ukiwa na ombi nitapeleka. Swali silipeleki. Itaonekana unamhoji mzee kwake."

Basi swali likabaki jikoni pamoja nami.

Kule sebuleni waliendelea: tengeneza, nunua, tengeneza, nunua. Gwamaka akasema dunia inakwenda mbele. Babu akasema iende, yeye atabaki na boila yake. Mwisho Babu akashinda kwa sababu nyumba ni yake. Wakakubaliana ichomelewe, ikisumbua tena ndipo inunuliwe ile nyeupe.

Akaja fundi Kyando, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Akalikausha tangi, akausafisha mshono kwa tupa, akachomelea huku cheche zinaruka mpaka kuku wakahama uwanja. Alipomaliza akajaza maji, akapitisha kiganja. Pakavu.

"Mzee, hapa hata tembo asukume," akasema. "Palipovuja sasa ndipo penye nguvu kuliko pote."

Aliitwa kuja kuziba mshono, na mshono akauziba. Hakuna aliyemwambia kitu kingine, na yeye hakuuliza.

Kesho yake Babu aliamka na furaha. Nilimsikia anapiga mluzi upande ule, anapanga magogo makubwa ya kusherehekea boila yake. Gwamaka alikuwa ameondoka na gari la viazi. Mama mkwe akaja akanichukulia mtoto mikononi.

"Leo namwogesha mimi. Wewe umekonda kwa woga. Anika nepi zako, upate pumzi."

Nikatoka uwanjani na beseni. Nikasikiliza.

Kimya. Boila haingurumi. Haivuji, haipigi kelele, imetulia kama mtu aliyeshiba.

"Umesikia?" mama mkwe akaniita kutoka bafuni. "Imepona!"

Nami nikapumua. Kweli nilipumua. Nilikaa chini kabisa juu ya jiwe la kufulia, nikasema Mungu ni mwema, nikaanza hata kujicheka mwenyewe. Nikachukua nepi, nikainua mikono kwenye kamba, na kwa mazoea tu, nikatazama bati.

Hapakuwa na mvuke.

Magogo yanawaka. Moshi wa tanuri unapanda mnene upande ule. Mama mkwe ameshafungulia maji, amefunga bomba, na nasikia anayapoza kwa ndoo, maana yake ni ya moto sana. Na bomba la juu liko kavu, halitoi hata unyuzi.

Nikajiuliza, mvuke ule niliuona mara ya mwisho lini? Sikumbuki! Siku hizi zote nilikuwa nasikiliza ngurumo, ngurumo ndiyo iliyokuwa inaniambia maji tayari, nikaacha kutazama juu. Ukiona kitu kila siku hujui siku kilipoacha kuwepo.

Halafu nikakumbuka siku moja ya manyunyu. Siku ile Babu alipanda juu ya bati. Mtu akiwa juu ya bati anaona uwanja wote, sasa mimi nitapita wapi? Nilijifunika kitenge kichwani nikakimbilia ndani na mtoto, nepi zangu zikaachwa nje zinalowa, nikashinda ndani kama kuku aliyefunikwa tenga. Nilisikia miguu yake inatembea juu ya vichwa vyetu. Nikasikia nyundo, ko ko ko. Sikuona alichofanya. Nisingeweza kuona, nilikuwa naheshimu.

Na ngurumo ilianza baada ya siku ile.

Sikumbuki beseni niliacha wapi. Nilichojua ni kwamba nazunguka kona ya nyumba, ile kona ambayo tangu niolewe sijaizunguka Babu akiwa upande wa pili, na huyo hapo, amesimama mbele ya tanuri na gogo mkononi.

"Babu!"

Hakuwahi kusikia sauti yangu ikimwita. Gogo likamponyoka. Akashusha kofia usoni, akageuka, akaanza kuondoka kuelekea migombani, mbio za heshima zile.

Nami nyuma yake. "Babu usinikimbie mimi! Kimbia moto!"

Akasimama, mgongo kwangu. Na mimi, sijui nguvu ya mila ni ya namna gani, nikageuka nikampa mgongo. Tukawa tumesimama hivyo, yeye anatazama migomba, mimi natazama ukuta, tunapiga kelele kama watu wa mashamba mawili.

"Babu, siku ile ulipopanda bati! Lile bomba ulilifanya nini?"

Nikasema basi, mkwe haulizwi.

"Nililiziba," akasema. "Nililipigilia gunzi la mahindi, nikalikaza na mpira wa baiskeli. Joto lilikuwa linapotea bure hewani. Nilitaka maji ya mtoto yawe ya moto zaidi."

"Babu, haipumui! Koki imefungwa, juu kumezibwa, na mshono fundi ameshauziba!"

Ndipo alipogeuka. Nami nikageuka. Mara ya kwanza kuonana macho, yake yana kijivu pembeni, sikuwa najua.

"Mtoto yuko wapi?"

"Bafuni! Na mama!"

Babu alikwenda kwenye tanuri akaanza kuvuta magogo yanayowaka kwa mikono, anayatupa kwenye majani mabichi. Mimi nikaingia bafuni kama mwizi, nikamnyakua Lusubilo na povu lake, nikamvuta mama mkwe kwa kitenge.

"Una wazimu? Sijamsuuza!"

"Toka mama, toka, utamsuuza nje!"

Tukatoka, tukakimbilia migombani. Nilimwita Babu, "Acha! Inatosha, njoo!" Akavuta gogo la mwisho, akaja, kofia imebaki kule.

Tukasimama, mimi na mtoto mwenye povu ndani ya kitenge, mama mkwe ameshika sabuni, Babu kichwa wazi, mikono yake imeungua. Matofali ya boila yalikuwa yanaguna. Ndiyo, yanaguna, kama mtu anayebeba kitu kilichomzidi. Nilimziba mtoto masikio. Mama mkwe alianza Baba Yetu, akafika katikati akarudi mwanzo.

Paa!

Nikajua tumekwisha. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, ukuta umesimama. Tangi lipo. Juu ya bati mvuke unapanda, mweupe, mnene, unapiga mluzi, umenyooka kwenda mbinguni, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Na gunzi likaanguka kutoka juu, tup, katikati ya uwanja, na kipande cha mpira kinaning'inia.

Jogoo akalisogelea. Akalidonoa. Akaona ni gunzi tu, akaenda zake.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na sabuni yake. "Hii ndiyo niliyosema imepona?" Nami nikacheka huku nalia, na Lusubilo akapiga chafya, mzima, ana hasira za njaa.

Kisha nikagundua nimesimama bega kwa bega na baba mkwe, kichwa wazi, hana kofia wala mimi sina pazia. Miguu ikataka kukimbia.

"Mama Lusubilo," akaniita. Mwenyewe, bila posta.

"Abee, Babu."

"Leo umenivunjia heshima."

Nikainama. Machozi yalikuwa tayari.

"Ungeitunza," akasema, "sasa hivi tungekuwa tunatafuta sanda."

Akanyoosha mikono yake iliyoungua, nikamwekea mtoto.

Mchana Gwamaka alirudi, akaja na fundi Kyando. Fundi alisikiliza kisa chote. Akaenda akaushika mshono wake mzuri, akalitazama gunzi, akarudi akakaa.

"Kwa hiyo palipokuwa panavuja..." akaanza.

"Ndipo ilipokuwa inapumulia," Babu akasema.

"Ule uvujaji ndio uliokuwa unawaweka hai. Mmenilalamikia, nami nikaja nikaua mlinzi. Ile ngurumo ilikuwa maji yanachemka na mvuke unatafuta njia; nilipoziba, mvuke ukayabana, yakanyamaza. Mzee, asubuhi ya leo vilikuwa vinashindana gunzi lako na chuma changu. Bahati yenu gunzi limeshindwa."

Gwamaka akakohoa. "Si ndiyo maana nilisema tununue ile mpya?"

Fundi akamwangalia kwa huruma. "Ile mpya ungeiunga wapi? Kwenye bomba lilelile, na gunzi lilelile. Ila chuma chake kinene. Isingenguruma mapema, isingevuja. Ingesubiri."

Wiki nzima tulikuwa tunagombana tutengeneze au tununue, na njia zote mbili zilikuwa zinaelekea kaburi moja. Kilichotakiwa kilikuwa swali, na swali lilikuwa limekaa jikoni nyuma ya pazia.

Boila haikununuliwa. Ni ileile, na mshono wa fundi Kyando, na bomba lake liko wazi. Babu mikono ilipopona alichinja yule jogoo, akatukalisha chumba kimoja tukala pamoja, akasema mbele ya wote kwamba heshima iko palepale ila kuuliza niulize. Kofia bado anaishusha nikipita, na mimi bado nikimsalimia nageuza uso kidogo. Tumezoea hivyo.

Lakini asubuhi akishawasha moto, sasa anaita juu ya ukuta, sauti mpaka kwa jirani:

"Mama Lusubilo! Mvuke unauona?"

"Nauona, Babu!"

Na mama mkwe, kutoka bafuni, na mtoto mikononi:

"Anasema anauona!"

Mtumie mwenye boila. Asiye na boila lakini ana mkwe, mtumie pia.

Funzo: Kinachovuja nyumbani huenda ndicho kinachowapumulia, kabla hujakiziba au kukitupa uliza kwa nini kinavuja, na kamuulize hata yule ambaye desturi imemwambia anyamaze.